MLB.TV kwenye mizani ya mabishano: ushindi wa Blue Jays dhidi ya Seattle na kikosi cha 2026

Huduma za kutazama michezo kwa intaneti hupimwa kwa kawaida kwa ubora wa picha, bei ya kujiunga na idadi ya mechi, na kwa vigezo hivyo MLB.TV imekwisha kujadiliwa vya kutosha. Mapitio haya yanaipima kwa kigezo kingine, ambacho kwa shabiki wa besiboli aliyeko Dar es Salaam kina uzito zaidi, nacho ni kama huduma hiyo inamwezesha kubishana kwa hoja. Besiboli huzaa mabishano kuliko michezo mingi kwa sababu karibu kila tendo lake lina mwenyewe na lina namba: mrushaji fulani amerusha mpira wa aina fulani kwa mpigaji fulani, kocha ameamua kumbadilisha au kumwacha, na uamuzi huo unaweza kutazamwa upya na kila mtu kesho yake. Anayeingia kijiweni na hisia tupu hunyamazishwa mapema.

Kipimo changu ni mechi ya 7 ya fainali ya American League (mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli), iliyochezwa Toronto usiku wa tarehe 20 Oktoba 2025, ambapo Toronto Blue Jays waliwashinda Seattle Mariners kwa mikimbio (yaani pointi) 4 kwa 3 na kuingia World Series, fainali ya ligi kuu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Pamoja na mechi hiyo ninatumia swali lililozaliwa baada ya shangwe na ambalo kwenye kundi letu la WhatsApp halijapoa hadi sasa, yaani kikosi cha msimu wa 2026 kilihitaji nini na kimepata nini. Huduma inayoweza kutusaidia kujibu mambo hayo mawili inastahili fedha yetu. Isiyoweza ni burudani tu, na burudani ipo ya bure.

Kwa asiyeifahamu, MLB.TV ni mali ya ligi kuu ya besiboli yenyewe na ilianza kurusha mechi moja kwa moja mwezi Agosti 2002, wakati ambapo kutazama video kwenye kompyuta kulikuwa bado ni majaribio ya uvumilivu. Nchini Marekani bei ya msimu mzima wa 2025 kwa timu zote ilikuwa karibu dola 150. Mwanachama hupata mechi za moja kwa moja, kumbukumbu za mechi zilizopita, sauti za redio za timu zote mbili na, kwenye vifaa kadhaa, uwezo wa kutazama hadi mechi nne kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijaona faida yake isipokuwa kwa mtu anayetaka kuumwa kichwa.

Sharti lake linalochukiza mashabiki wengi ni lile la kufungiwa mechi kulingana na mahali ulipo. Aliyeko Kanada hawezi kuwatazama Blue Jays moja kwa moja kupitia huduma hii, kwa kuwa haki za timu hiyo nchini humo ni za televisheni ya Sportsnet, na eneo la timu linahesabiwa kuwa Kanada nzima. Mechi za mtoano nazo zina vizuizi vyake kwa watazamaji wa Marekani na Kanada. Sisi tulioko Afrika Mashariki hatuguswi na hayo. Hivyo mjomba wangu aishiye Scarborough, mwendo wa treni tu kutoka uwanja wa Rogers Centre, anahitaji kulipia televisheni nyingine ili aione timu yake, ilhali mpwa wake aliyeko Kinondoni anaiona bila kikwazo. Mjomba hulitaja jambo hili kila anaposhindwa hoja.

Kikwazo chetu ni saa. Mechi ile ya 7 ilianza saa 2 na dakika 8 usiku kwa Toronto, ambayo kwetu ilikuwa saa 9 na dakika 8 usiku wa kuamkia Jumanne, na mtu mwenye kazi ya asubuhi anajua gharama ya usiku kama huo. Mfano mkali zaidi ulikuja wiki moja baadaye, katika mechi ya 3 ya World Series dhidi ya Los Angeles Dodgers, iliyokwenda awamu 18 badala ya 9 za kawaida na kudumu saa 6 na dakika 39 kabla ya Freddie Freeman wa Dodgers kuimaliza kwa homurani, yaani mpigo unaoupeleka mpira nje ya uwanja; waliokesha nayo hapa waliiacha ikiendelea wakati daladala zimekwisha kujaa, na ilimalizika karibu saa 4 asubuhi. Kwa mazingira hayo, kipengele chenye thamani kubwa kwangu ni kidogo sana kwa kukitazama: kitufe cha kuficha matokeo. Ukikiwasha, programu inakuonyesha orodha ya mechi bila namba za mikimbio, nawe unaweza kuamka, kunywa chai na kutazama mechi ya jana kama ya leo, mradi umezima pia simu za ndugu.

Baada ya kitufe hicho linafuata toleo fupi la mechi, ambalo ndilo moyo wa huduma hii kwa watu wa ukanda wetu. Si muhtasari wa matukio yaliyochaguliwa na mhariri anayependa homurani. Ni mechi yenyewe iliyokatwa muda wa kusubiri, ambapo kwa kila mpigaji unaona mrusho ulioamua hatima yake. Mechi ya saa tatu inakuwa ya takriban robo saa. Ubora wa mtindo huu unaonekana pale ambapo mechi iliamuliwa na mambo madogo, na awamu ya 7 ya mechi ile ni somo zuri.

Toronto walikuwa nyuma kwa 3 kwa 1. Julio Rodríguez na Cal Raleigh, ambaye msimu huo wa kawaida alipiga homurani 60, walikuwa wameshapiga moja kila mmoja, na Seattle walikuwa wamebakiza auti tisa, yaani kuwatoa wapigaji tisa tu, kufika World Series ambayo hawajawahi kuicheza katika historia yao. Anayetazama muhtasari wa kawaida ataoneshwa homurani ya George Springer peke yake. Toleo fupi linakuonesha jinsi ilivyoandaliwa: Addison Barger anavumilia mirusho mibaya ya Bryan Woo mpaka anapewa kituo cha kwanza, Isiah Kiner-Falefa anapiga mpira wa kawaida unaopenya, halafu Andrés Giménez anakubali kutolewa kwa kuugusa mpira kidogo tu (banti) ili wenzake wasogee hadi kituo cha pili na cha tatu. Hakuna kati ya matendo hayo matatu ambalo lingewekwa kwenye tangazo, lakini bila hayo homurani ya Springer ingeleta mkimbio mmoja na Toronto wangeendelea kuwa nyuma. Woo anatolewa, Eduard Bazardo anaingia, na Springer, ambaye siku tatu kabla alikuwa amepigwa na mpira kwenye goti na kushindwa kuendelea na mechi ya 5, anautuma mpira kwenye viti vya upande wa kushoto. Mikimbio mitatu, 4 kwa 3.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza na hapo ndipo huduma hii ilipoonesha uwezo wake wa pili. Shemeji yangu aliyeko Mwanza alidai kwamba Seattle walijiua wenyewe, kwa sababu kocha Dan Wilson alimwita Bazardo wakati mrushaji wake bora wa kumalizia mechi, Andrés Muñoz, alikuwa amekaa. Ni hoja iliyosikika Marekani nzima siku ile, na si ya kupuuzwa. Wilson alijitetea baada ya mechi kwamba Bazardo ndiye aliyekuwa akiwavusha katika nyakati ngumu za namna hiyo. Mjomba, kwa upande wake, alisema kwamba anayemlaumu Wilson anawanyima Toronto haki yao, kwa kuwa mpigaji ndiye aliyepiga.

Mabishano haya yanatatulika kwa kiasi fulani kupitia Gameday, ambayo ni ya bure kabisa na haihitaji hata kujiandikisha kwenye MLB.TV. Skrini yake inachora kisanduku cha mstatili kinachowakilisha eneo la straiki (mrusho unaopita humo bila kupigwa huhesabiwa dhidi ya mpigaji, na straiki tatu humtoa), na kila mrusho unawekwa kama nukta yenye rangi ndani au nje ya kisanduku hicho, pamoja na kasi yake na aina yake. Ukiipitia awamu ile mrusho kwa mrusho, unaona kwanza kwamba Woo alianza kukosa kisanduku kwa Barger, na kwamba hatari ilikuwa imeshaingia kabla ya Bazardo kuinuka. Pili, unaweza kufungua kumbukumbu za Bazardo za msimu mzima katika Baseball Savant, tovuti nyingine ya bure ya ligi, ukaona jinsi anavyotegemea mipira inayozama ili ipigwe chini, jambo ambalo linaeleza kwa nini kocha mwenye wakimbiaji wawili na auti moja angemfikiria. Maoni yangu ni kwamba shemeji ana haki kuhusu Muñoz, kwani mechi ya 7 haina kesho ya kuwekea akiba. Lakini ushahidi unaonesha pia kwamba uamuzi wa Wilson haukuwa wa kubahatisha, na hilo shemeji hajalikubali.

Kwa anayetaka kuonja mechi ile kwa pande zote mbili, sauti za redio zinafaa kuliko picha. Wakati wa mtoano picha hutoka kwenye kituo kimoja tu, chenye watangazaji wanaojitahidi kutopendelea, ila redio ya kila timu inaendelea kama kawaida na haioni aibu kupendelea. Nilisikiliza awamu ya 7 kwa redio ya Toronto, ambako Ben Shulman ndiye mtangazaji (baba yake, Dan, ndiye sauti ya timu hiyo kwenye televisheni ya Kanada), kisha nikairudia kwa redio ya Seattle. Ya kwanza ilinipa furaha. Ya pili ilinifundisha zaidi, kwa kuwa watangazaji wa timu inayopoteza huona mapema kinachokuja.

Sasa nije kwenye kikosi, ambako thamani ya kumbukumbu hizi inazidi na kasoro zake zinaanza kujitokeza. Ushindi ule uliwafurahisha watu kiasi kwamba wengi hawakutazama ni nani walioulinda. Rudi utazame awamu tatu za mwisho za Toronto uwanjani: ya 7 ilirushwa na Kevin Gausman, ya 8 na Chris Bassitt, ya 9 na Jeff Hoffman. Gausman na Bassitt ni warushaji wa kuanza mechi, si wa akiba wanaoingia baadaye kuwapokea. Kocha John Schneider, mechi ilipofika pabaya, hakuwa na imani ya kutosha na safu yake ya akiba, na tukio la mechi ya 5 huko Seattle linaeleza sababu: Toronto walikuwa mbele 2 kwa 1 katika awamu ya 8 Raleigh aliposawazisha dhidi ya Brendon Little, na kabla awamu haijaisha Eugenio Suárez akapiga homurani vituo vyote vikiwa vimejaa, mechi ikaisha 6 kwa 2. Louis Varland aliyeletwa kutoka Minnesota mwezi Julai alitumika katika mechi 15 za mtoano, ambayo ni rekodi kwa mrushaji katika mtoano mmoja. Rekodi ya namna hiyo ni sifa kwa mchezaji, lakini kwa anayejua kusoma kikosi ni lalamiko pia.

Hoffman mwenyewe aliwatoa Seattle watatu kwa straiki katika awamu ya 9, wa mwisho akiwa Rodríguez, huku Raleigh akisubiri zamu yake. Kwa picha hiyo peke yake ungesema Toronto hawahitaji mtu wa kumalizia mechi. Kumbukumbu za msimu zinasema jingine: aliokoa mechi 33, yaani alizimaliza akiulinda ushindi, lakini aliruhusu homurani 15, ambazo ni nyingi kwa mtu wa awamu moja, na ni homurani ya Miguel Rojas iliyopigwa dhidi yake katika awamu ya 9 ya mechi ya 7 ya World Series, tarehe 1 Novemba, iliyowarudisha Dodgers mchezoni kabla ya kushinda 5 kwa 4 katika awamu ya 11. Simlaumu. Mrushaji huyohuyo ndiye aliyetufikisha huko. Ila anayepanga kikosi hawezi kuchagua kumbukumbu moja na kuitupa nyingine.

Kwa hiyo hitaji la kwanza lilikuwa warushaji wa akiba, na klabu ilijibu kwa kumsajili Tyler Rogers kwa miaka 3 na dola milioni 37. Huyu ni mrushaji wa kutazamwa hata na asiyependa besiboli, kwani huuachia mpira kutoka chini kabisa, mkono ukikaribia kugusa udongo, kwa kasi ambayo wenzake wangeionea aibu. Nilitumia jioni nzima kwenye kumbukumbu za mechi zake za San Francisco Giants na nikaelewa sababu ya wapigaji kumchukia: mpira unapanda kwanza, halafu unazama wakati mpigaji amekwisha kuzungusha gongo. Ni usajili wa akili. Haujamaliza tatizo, kwa kuwa Rogers hatoi watu kwa straiki kwa wingi, na katika hali ile ya wakimbiaji wawili unahitaji wakati mwingine mtu ambaye mpira wake hauguswi kabisa.

Hitaji la pili lilikuwa warushaji wa kuanza. Bassitt na Max Scherzer walimaliza mikataba yao. Shane Bieber, aliyeianza mechi ile ya 7 dhidi ya Seattle, alichagua kubaki kwa dola milioni 16, jambo lililowashangaza waliodhani angejaribu soko. Trey Yesavage, kijana aliyeanza mwaka 2025 katika ngazi ya chini ya klabu na kucheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwezi Septemba, aliwatoa Dodgers 12 kwa straiki katika mechi ya 5 ya World Series. Juu ya hao klabu ilimwongeza Dylan Cease kwa miaka 7 na dola milioni 210, mkataba mkubwa kuliko wowote ambao Toronto wamewahi kumpa mchezaji huru, pamoja na Cody Ponce aliyetoka ligi ya Korea Kusini kwa miaka 3 na dola milioni 30. Kijiwe kiligawanyika kuhusu Cease. Mjomba alitazama wastani wake wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa (ukiwa mdogo ndio bora) wa 2025 akiwa San Diego, 4.55, akauliza kama fedha zile ni za mchezaji au za jina. Mimi nilimrejesha kwenye straiki: aliwatoa watu 215 kwa straiki msimu huohuo, na mtu mwenye uwezo huo anaweza kurekebishwa mengine. Kwa Gausman mkataba unamalizika baada ya msimu wa 2026, hivyo Cease amesajiliwa kwa ajili ya 2027 kama ilivyo kwa 2026.

Suala la tatu ndilo lililoumiza. Bo Bichette, aliyekuwa na wastani wa upigaji wa .311 (takriban mipigo 31 iliyofaulu kwa kila majaribio 100) mwaka 2025 na ambaye kwa jeraha la goti hakucheza hata mechi moja dhidi ya Seattle, aliondoka Januari 2026 kwenda New York Mets kwa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 126. Kuna wanaosema, na dada mmoja wa kundi letu ndiye kinara wao, kwamba ushindi dhidi ya Seattle ni uthibitisho kuwa timu inaweza kuishi bila yeye: Giménez alichukua nafasi yake kama shotistopu (mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu), Ernie Clement akacheza karibu kila mahali, na Vladimir Guerrero Jr. akawa mchezaji bora wa fainali ile. Hoja yake ina nguvu kwa upande wa ulinzi. Kwa upande wa upigaji inasahau kwamba Bichette aliporudi kwenye World Series, akiwa anachechemea, alimpiga Shohei Ohtani homurani ya mikimbio mitatu katika mechi ya 7. Toronto ya 2025 ilisifika kwa kutolewa kwa straiki mara chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi kuu, na Bichette alikuwa nguzo ya mtindo huo. Giménez ni fundi wa glovu, si wa gongo.

Badala yake amekuja Kazuma Okamoto kutoka Yomiuri Giants ya Japani, kwa miaka 4 na dola milioni 60. Hapa MLB.TV inafika mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa ligi ya Japani haimo, na anayetaka kumjua Okamoto anapaswa kuridhika na vipande vya World Baseball Classic, mashindano ya mataifa, ya 2023, ambamo alipiga homurani katika fainali ambayo Japani iliifunga Marekani 3 kwa 2. Kipande kimoja hakijengi hoja. Ninaamini atacheza vizuri kituo cha tatu. Ninachokitilia shaka ni kama atazoea haraka kasi ya warushaji wa Marekani, na kwa hilo hakuna kumbukumbu itakayotusaidia mpaka msimu uanze.

Nafasi ambayo kijiwe hakijaelewana kabisa kuihusu ni ya upigaji wenye nguvu nyuma ya Guerrero. Springer anaingia msimu wa 2026 akiwa na umri wa miaka 36 na mkataba wake unaisha baada ya 2026. Msimu wake wa 2025, wenye wastani wa .309 na homurani 32, ni wa aina ambayo mchezaji wa umri huo hapaswi kuombwa aurudie. Anthony Santander, aliyesajiliwa Januari 2025 kwa miaka 5 na dola milioni 92.5, alicheza mechi 54 tu msimu ule na akaondolewa kikosini katikati ya fainali dhidi ya Seattle kwa maumivu ya mgongo. Wale waliotaka Kyle Tucker walivunjika moyo alipochagua Dodgers, kwa miaka 4 na dola milioni 240. Binafsi nadhani Toronto waliponea, kwani tayari Guerrero ana miaka 14 na dola milioni 500, na fedha ile ni afadhali igawanywe kwa warushaji.

Ndani ya MLB.TV, hata hivyo, hutapata lolote kuhusu fedha hizo. Huduma inakuonesha jinsi mtu anavyocheza, lakini haikuoneshi anagharimu kiasi gani, mkataba wake unaisha lini, wala klabu imebakiwa na nafasi ngapi, na kwa mabishano ya usajili hayo ni nusu ya hoja. Mambo hayo unayatafuta kwingine. Kasoro nyingine ni skrini tupu ya kukuarifu kwamba kuna mapumziko ya matangazo, ambayo katika mechi ya moja kwa moja huonekana kila baada ya nusu awamu na kumlaza usingizi mtu wa saa 10 alfajiri; afadhali wangetuwekea matangazo yenyewe. Lugha ni Kiingereza na, kwa baadhi ya mechi, Kihispania. Kuhusu picha kukwama siwezi kuihukumu huduma hii kwa haki, kwa sababu kampuni inayonipa intaneti nyumbani ina tabia zake, na ilinizimia awamu nzima ya mechi ya kwanza ya World Series bila maelezo. Kwa anayetumia vifurushi vya simu, mechi nzima kwa picha ya juu inakula gigabaiti nyingi. Toleo fupi au redio vitamwachia salio la kubishania.

Huenda msomaji akajiuliza Dar es Salaam na Toronto vinahusianaje. Mbali na ndugu walioko kule, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, aliivaa jezi ya Blue Jays mwaka 2018. Uganda ilipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012. Na hapa kwetu uwanja wa besiboli uliojengwa Azania kwa msaada wa Wajapani una vijana wanaoufahamu mchezo huu kuliko sisi wa kwenye simu. Niliwahi kumwonesha mmoja wao nukta za Gameday. Aliitazama ile banti ya Giménez mara tatu na hakutaka kuiona homurani.

Kwa atakayejiunga, msimu wa 2025 kulikuwa na kifurushi cha timu moja kwa bei nafuu kidogo na kifurushi cha timu zote. Anayetaka tu kuwaona Blue Jays wakicheza anaweza kuchukua cha kwanza, kama bado kinauzwa, na asijute. Anayetaka kubishana achukue cha pili, kwa sababu maswali ya kikosi hayakai ndani ya timu moja: utataka kumwona Bichette akiwa New York ili ujue kama dada yetu alikuwa sahihi, na utataka kuwatazama warushaji wa akiba wa timu zinazoporomoka mwezi Juni, maana miongoni mwao ndimo Toronto watakamomtafuta Varland mwingine kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa.